Nimeshanunua santuri, faili nalo nilipie tena?

Kuna msomaji kaniandikia hivi, nafupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Nimenunua santuri mpya ya albamu ninayoipenda sana, nimefika nyumbani nimeifungua nikatafuta ile karatasi yenye namba ya kushushia muziki kwenye simu, haipo. Nimemuuliza muuzaji, kanijibu siku hizi hawaweki, nikasikilize kwenye strimingi au ninunue faili kivyake. Mimi nimelipa hela nyingi kuliko aliyenunua faili tupu, kwanini nilipe mara mbili? Na nikiishusha kwa njia za pembeni, ni wizi wakati albamu ninayo mkononi?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu langu la kwanza ni ndiyo, santuri mpya inatakiwa ije na faili lake, na hili nimelisema miaka mingi toka enzi naandaa masta (yaani rekodi ya mwisho ambayo nakala zote zinatokana nayo) za lebo ndogo ndogo, hizi kampuni zinazotoa muziki, na kubishana nao hiyo karatasi iwekwe au isiwekwe. Jibu langu la pili ni kwamba muuzaji wako hajakudanganya na wala sio mchoyo, kuna sababu za kweli na kuna visingizio, na vyote viwili vimechanganywa kwenye kapu moja ndo maana watu wanabishana bila kuelewana. Ngoja tuvitenganishe.

Tuanze na hili neno "bure" maana ndo linaharibu mjadala wote. Mtu akisema "santuri ije na faili la bure" mwenye lebo anasikia "nipe bidhaa ya pili bila kulipa", anakunja uso, anaanza habari za wasanii kula wapi. Lakini hebu fikiria hiyo santuri imetokea wapi. Studio siku hizi karibu zote zinarekodi kwenye kompyuta, msanii akimaliza anampelekea injinia wa masta, injinia anatengeneza mafaili, mafaili yanatumwa kwa mtu mwenye mtambo wa kuchonga, yule anachonga mifereji kwenye sahani ya laka kwa kufuata hayo mafaili, ndo kiwanda kinatengeneza mhuri wa chuma na kukandamiza plastiki. Kwa hiyo faili ndo mama, santuri ndo mtoto. Gharama kubwa zote, yaani mihuri, plastiki, kuchapa majalada, kusafirisha vitu vizito vinavyopinda vikipigwa jua, ziko upande wa santuri na wewe umezilipa. Gharama ya kumnakilia mteja mmoja faili ambalo tayari lipo ni kama hakuna. Ndo maana mi sisemi faili la bure, nasema faili lililomo. Kama vile viatu vinakuja na kamba, hakuna anayesema kapewa kamba za bure.

Na hii hamu ya kutaka muziki wa santuri utembee nawe sio tabia ya vijana wa simu, ni ya zamani. LP, yaani santuri kubwa ya kubeba albamu nzima, ilitoka 1948, kampuni ya Columbia ndo walioileta, na ni kitu kizuri lakini hakitoki sebuleni. Philips walipoleta kaseti 1963 na baadae redio kaseti zikaingia kwenye magari, watu walifanya nini? Walinunua santuri, wakaicheza mara ya kwanza huku wanairekodi kwenye kaseti, santuri ikarudi kwenye jalada ikatunzwa, kaseti ndo ikachakazwa. Wakubwa wa biashara ya muziki Uingereza wakaja juu mpaka wakafanya kampeni 1981 kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki, wakachora na fuvu la kaseti na mifupa chini yake. Muziki haukufa. Waliokuwa wanarekodi wengi wao ndo haohao waliokuwa wananunua santuri, sasa unamwita mteja wako bora mwizi.

Zile vocha za kupakua (mi naziita vocha maana nyingine kweli ulikuwa unakwangua) zilianza kuonekana katikati ya miaka ya 2000, na hazikuanzishwa na makampuni makubwa, zilianzishwa na lebo huru za Marekani kama Merge na Sub Pop. Akili yao ilikuwa rahisi sana: mnunuzi wa santuri ana iPod mfukoni, akilazimishwa kuchagua kati ya santuri na faili atachagua faili, basi tusimlazimishe kuchagua. Mi naamini bila zile karatasi ndogo santuri isingerudi kwa kasi iliyorudi nayo, maana zilimwondolea mtu kijana ile hofu ya "nitaisikilizia wapi". Mwaka 2013 Amazon nao wakaja na kitu walikiita AutoRip, Januari wakaanza na CD na baada ya miezi michache wakaongeza santuri, ukinunua unakuta MP3 tayari ziko kwenye akaunti yako, na wakarudi nyuma mpaka CD ulizonunua kwao toka 1998. Fikiria, mtu anafungua akaunti anakuta albamu aliyoinunua miaka 15 nyuma na ameshaipoteza, ipo inamsubiri. Hapo ndo ungesema mambo yameshakaa sawa.

Kilichoyavuruga ni strimingi. Lebo zikaanza kuona kwamba vocha nyingi hazitumiki, mtu ananunua santuri, karatasi haigusi, anafungua apu anasikiliza humohumo. Na vocha sio bure kwa lebo pia, kuna kuichapa, kuna kuiingiza kwenye jalada kwa mkono, kuna kulipia huduma ya kuhifadhi mafaili na kusimamia zile namba, kuna barua za wateja "namba yangu haikubali" na mara nyingi mtu kasoma sifuri akadhani ni herufi O. Basi kuelekea mwisho wa miaka ya 2010 wengi wakaanza kuziondoa kimyakimya.

Halafu kuna hili la chati ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Kwa Marekani msanii akiuza santuri kwenye tovuti yake mwenyewe pamoja na faili, lile faili lilikuwa linatumwa kwa mteja papo hapo na kuhesabika kama mauzo ya wiki hiyohiyo ya albamu kutoka, hata kama santuri yenyewe itafika baada ya miezi. Ilikuwa njia tamu ya kupanda chati. Billboard, jarida linalopanga chati hizo, wakaona hapa tunachezewa, 2020 wakabadilisha sheria, kuanzia Oktoba mwaka huo faili linalokuja na santuri halihesabiki tena kama mauzo ya kidijitali, kinachohesabika ni santuri siku inaposafirishwa kwenda kwa mteja. Sina ugomvi na hiyo sheria, ni ya haki. Ila matokeo yake ni kwamba kwa kampuni kubwa sababu moja nzuri ya kukupa faili ikayeyuka.

Sasa visingizio tumeviona, njoo kwenye sababu za kweli. Ziko mbili.

Ya kwanza ni mtunzi wa wimbo. Sio mwimbaji, mtunzi. Kwa sheria za Marekani kila nakala ya wimbo inayotengenezwa ina mrabaha wake wa mtunzi uliopangwa, na faili la kupakua linahesabika kama nakala kivyake. Ule mrabaha ulikaa senti 9.1 kwa wimbo toka 2006 mpaka 2022, mwaka 2023 ukapanda senti 12 na umeendelea kuongezeka kidogo kidogo kufuata mfumuko wa bei. Piga hesabu, albamu ya nyimbo 10, kwa hizo senti 12 santuri inadaiwa dola 1.20 ya watunzi, na faili likichukuliwa linaweza kudaiwa nyingine kama hiyo. Kwa lebo kubwa hiyo ni hela ya maji, kwa lebo inayotoa nakala 300 ya nyimbo ambazo msanii hakuzitunga yeye, tuseme albamu ya kurudia nyimbo za wengine, inauma. Lakini angalia vizuri hapa: inadaiwa kwa faili lililochukuliwa tu, na wao wenyewe ndo wanaosema vocha nyingi hazichukuliwi. Huwezi kuniambia haitumiki kabisa na hapohapo ukaniambia itakufilisi. Chagua moja.

Ya pili ndo nzito kuliko zote, na nadhani ndo inayokuhusu wewe kama albamu uliyonunua ni ya zamani iliyochapwa upya. Lebo nyingi zinazotoa upya albamu za zamani hazina haki ya albamu nzima nzima, zimekodi haki ya santuri tu. Yaani mwenye mali, labda kampuni kubwa iliyomeza kampuni iliyomeza kampuni iliyorekodi, anamwambia mwenye lebo ndogo: chapa nakala kadhaa za santuri, ndani ya miaka kadhaa, faili usiguse, faili ni letu na liko kwenye strimingi. Hapo huyo mtu hata angekupenda vipi hawezi kukupa faili, akikupa anavunja mkataba na anaweza kushtakiwa. Nimekaa kwenye mazungumzo ya namna hiyo, unaomba haki ya kuweka vocha unajibiwa kwa barua pepe ya mstari mmoja, hapana. Kwa hiyo kabla hujamtukana mtu, geuza jalada nyuma, soma yale maandishi madogo chini kabisa. Ukikuta imeandikwa imetolewa kwa leseni kutoka kwa kampuni fulani, basi umeshapata jibu lako kwanini karatasi haipo.

Lakini kama ni albamu mpya, msanii yupo hai, lebo ina haki zote, na mafaili yako kwenye kompyuta zao, mi sioni utetezi. Angalia Bandcamp, tovuti ambayo wasanii wanauzia muziki wao, pale msanii akiuza santuri kwa kawaida anaiambatanisha na faili, unalipa unapakua palepale huku santuri ikiwa njiani, unachagua mwenyewe MP3 (faili dogo lililopunguzwa ubora) au FLAC au WAV (zenye ubora wote), na ukipoteza unarudi unapakua tena. Hakuna karatasi, hakuna kukwangua, namba haifi. Wenyewe wanakata asilimia 15 kwenye mauzo ya kidijitali na 10 kwenye vitu vya kushikika, na wasanii wadogo kabisa wanaweza, sasa mkubwa anashindwaje.

"Kasikilize kwenye strimingi" sio jibu. Ni kama umenunua kitabu, unaomba risiti, unaambiwa maktaba ipo. Strimingi unakodi, kila mwezi, na kilichomo kinaweza kuondoka bila wewe kuulizwa. Neil Young aliondoa muziki wake Spotify Januari 2022 na haukurudi mpaka 2024, hiyo ni miaka miwili mtu analipia apu na albamu haipo. Huyo ana jina kubwa dunia nzima ilijua, ila kuna albamu kibao za watu wasiojulikana zinapotea kwa sababu mkataba umeisha au msambazaji kafunga ofisi, na hakuna gazeti linaloandika. Faili liko kwenye diski yako halimuombi mtu ruhusa.

Alafu kuna takwimu moja ilinichekesha na kunifikirisha. Luminate, hawa wanaokusanya hesabu za muziki Marekani, walisema 2023 kwamba kati ya watu walionunua santuri ndani ya miezi 12, wenye mashine ya kuzichezea walikuwa nusu tu. Nusu! Na mwaka huohuo ziliuzwa LP kama milioni 43 kule kwao, zimeipita CD kwa idadi mwaka wa pili mfululizo. Wanaotazama jalada ukutani wanatazama, siwacheki, jalada la inchi 12 ni kitu kizuri. Ila kwa hao watu muziki walioununua hawawezi kuusikia kabisa bila kwenda kuukodi pengine. Umeuza albamu isiyosikilizika.

Sasa ngoja nikuguse kidogo na mambo ya sauti, hapa ndo kazi yangu na nitarefusha, unisamehe. Watu wengi wakipata faili la santuri wanadhani wamepata sauti ya santuri. Hapana. Mara nyingi umepewa faili lilelile la CD na strimingi, na linaweza kuwa limetengenezwa tofauti kabisa na lile lililochongewa santuri. Kwanini? Kwa sababu sindano ni kitu cha kimwili kinatembea kwenye mfereji, kina mipaka. Besi nzito ikiwa upande mmoja wa stereo tu, mfereji unapanda na kushuka pia badala ya kwenda kushoto na kulia tu, sindano inaweza kuruka, kwa hiyo anayechonga anaisogeza besi katikati. Herufi "s" na "sh" za mwimbaji zikiwa kali zinageuka mkwaruzo, kwa hiyo anazipunguza. Upande mmoja ukizidi dakika 22 hivi lazima sauti ishushwe ili mifereji iweze kubanana, na santuri ikishushwa sauti unaanza kusikia vumbi.

Na kuna hili la mzunguko. Santuri ya 33⅓ inazunguka mara moja kwa sekunde 1.8, iwe sindano iko nje au ndani. Lakini duara la nje ni kubwa, la ndani dogo. Huko nje sindano inapita karibu sentimita 51 za mfereji kwa sekunde, ukifika wimbo wa mwisho karibu na karatasi ya katikati ni kama 21 tu. Muziki uleule, sekunde ileile, unabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Ndo maana wimbo wa mwisho wa kila upande huwa umefifia kidogo kwenye zile sauti nyembamba za juu, na ndo maana wazalishaji wa zamani walikuwa wanamalizia upande kwa wimbo wa polepole. Faili halina tatizo hilo, wimbo wa kwanza na wa mwisho ni sawa. Upande wa pili, faili la CD mara nyingi limebanwa na kukandamizwa liwe na kelele kubwa lishindane na wengine, wakati lile la santuri limeachwa lipumue. Kwa hiyo hakuna mshindi hapa, ni vitu viwili. Na hiyo ni sababu nyingine ya kuvitaka vyote.

Kuna jamaa wataruka waseme mpenzi wa kweli wa santuri hataki faili, anataka analogi safi, yaani sauti isiyopita kwenye kompyuta popote. Sawa, ila analogi safi ni adimu kuliko wanavyofikiri. Toka mwishoni mwa miaka ya 1970 mitambo mingi ya kuchongea ilianza kupitisha sauti kwenye kifaa cha kidijitali cha kuichelewesha, ili mtambo ujue mapema kishindo kinakuja na upanue nafasi ya mfereji, kwa hiyo hata santuri za miaka ya 80 zilizorekodiwa kwenye tepu nyingi zilishapita kwenye tarakimu kabla ya kuchongwa. Na 2022 ikajulikana kwamba Mobile Fidelity, kampuni inayoheshimika sana kwa matoleo yake ya gharama, walikuwa wanatumia hatua ya kidijitali kwenye santuri nyingi ambazo wanunuzi walikuwa wanaapa ni tepu tupu. Watu walikasirika na walikuwa na haki kwa sababu hawakuambiwa, lakini miaka yote hiyo masikio yao hayakulalamika.

Kwa hiyo ukidai faili, dai la maana. MP3 ya ubora mdogo iliyobandikwa kwenye karatasi ni kukutimizia tu. Albamu ya dakika 40 kwa FLAC ya kiwango cha CD ni kama megabaiti 200 na ushee, MP3 ya 320 haifiki 100. Miaka ya 2000 tofauti hiyo ilikuwa na maana, sasa hivi simu moja inameza zote. Lebo ikikupa FLAC umepata nakala isiyopunguzwa kitu, unaweza kuigeuza MP3 mwenyewe ukitaka, kinyume chake hakisaidii, MP3 hata uigeuze FLAC ubora uliopotea haurudi. Na vocha isiwe na tarehe ya kuisha. Nilishawahi kununua santuri dukani iliyokuwa imefungwa plastiki yake haijaguswa, nafungua nakuta vocha, nikafurahi kama mtoto, kuingia kwenye tovuti nakuta jina la tovuti limeshauzwa linatangaza mambo ya bima. Karatasi ninayo mpaka leo, naitumia kuwekea alama kwenye kitabu.

Kuhusu kuishusha kwa njia za pembeni. Nakuelewa, na kimoyo moyo sioni kama umemwibia mtu, msanii umeshamlipa. Ila sheria haiko upande wako na bora ulijue hilo. Kwanza sheria zenyewe zinatofautiana vibaya. Ujerumani unaruhusiwa kutengeneza nakala binafsi ya kitu chako, na wasanii wanafidiwa kupitia tozo zinazowekwa kwenye vifaa vya kurekodia. Uingereza waliruhusu kujinakilia Oktoba 2014, Julai 2015 mahakama ikaifuta, kwa hiyo kwa maandishi ya sheria mtu akihamishia santuri yake mwenyewe kwenye simu yake mwenyewe kule anakosea, jambo ambalo hakuna anayelifuata wala polisi anayelitafuta. Pili, hata panaporuhusiwa kujinakilia, chanzo kinatakiwa kiwe halali, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilishalisema hilo 2014. Nakala unayoitoa kwenye santuri yako na nakala uliyoiokota mtandaoni ni vitu viwili mbele ya sheria hata kama muziki ni uleule. Na torrenti ndo mbaya zaidi, maana unaposhusha unawapandishia na wengine muda huohuo, hapo sio kujinakilia tena, unasambaza.

Njia safi ni kujirekodia mwenyewe. Unahitaji mashine ya santuri yenye waya wa USB, au uliyonayo pamoja na kile kikuza sauti cha fono, usikiruke maana santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na treble (sauti nyembamba) imezidishwa na kile ndo kinarudisha sawa, ukiunganisha moja kwa moja utasikia muziki kama unatoka kwenye kopo. Programu ya Audacity haina malipo. Safisha santuri kwanza, rekodi kwa biti 24, acha nafasi juu sauti isigonge dari, halafu kata wimbo mmoja mmoja uandike majina. Ni kazi. Albamu ya dakika 40 inakula dakika 40 kuicheza, hakuna mkato, na nyingine kama hizo kuisafisha na kuikata, na katikati ya wimbo unaoupenda kuliko yote ndo mtu atapita atingishe meza. Lakini utapata kitu ambacho lebo haiwezi kukupa, sauti ya santuri yako wewe na mikwaruzo yake.

Kitu kimoja wanunuzi nao hatukisemi: siku ukiiuza hiyo santuri, faili je? Kwa haki lingeondoka na santuri, maana vilinunuliwa pamoja. Lakini faili halina soko la mtumba. Kuna kampuni ya Marekani iliitwa ReDigi ilijaribu kuwawezesha watu kuuza mafaili waliyoyatumia, ikashtakiwa, ikashindwa 2013 na rufaa ikashindwa 2018, mahakama ikasema kuhamisha faili ni kutengeneza nakala mpya. Kwa hiyo wapo wanaonunua, wanachukua vocha, wanauza santuri ikiwa bado inang'aa, wanabaki na albamu kwa bei ya mchele wa kuonja. Lebo zinalijua hilo na linawaudhi. Mi binafsi nikiuza nafuta, najua wengi hawafuti.

Sasa wewe ufanyeje. Angalia kama msanii ana ukurasa Bandcamp na kama santuri hiyohiyo inauzwa pale pamoja na faili, na ikiwa hivyo iandikie lebo, usiandikie duka, duka halina mafaili. Andika kwa upole, weka picha ya risiti na ya santuri yenyewe, sema nimenunua toleo hili naomba namba ya kupakua. Utashangaa, lebo ndogo zinatuma mara nyingi, saa nyingine siku hiyohiyo, kwa sababu anayesoma barua ndo mwenye lebo na anafurahi kuona kuna mtu kanunua. Kubwa hazitakujibu. Na safari ijayo kabla ya kulipa soma maelezo au kile kibandiko cha juu ya plastiki, wanaoweka faili huwa wanajitangaza, wasiojitangaza hawana.

Ila kabla hujaandika barua yoyote, ingiza mkono tena ndani ya jalada mpaka kwenye kona, halafu chungulia ndani ya ile mfuko wa karatasi unaobeba santuri yenyewe. Ile vocha ni nyembamba na inapenda kujibandika kwa ndani kwa sababu ya umeme wa plastiki. Mimi kuna moja niliilalamikia mpaka nikatumiwa nyingine, ya kwanza ikaja kudondoka mwaka uliofuata nilipokuwa nahama nyumba.